Mahakama Ndani ya Jela: Jinsi ya Kuzisoma Tamthilia Zilizobuniwa na Wafungwa

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa, pamoja na wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu, kutazama mchezo ulioigizwa na wafungwa katika gereza moja lisilo mbali na shule yetu. Mchezo wenyewe ulihusu ulevi na ujambazi. Kijana anaacha shule, anaandamana na marafiki wabaya, anaiba, anashikwa, anafungwa, anajuta. Kila mhusika alipokaribia kuondoka jukwaani aliigeukia hadhira na kutangaza majuto yake. Wanafunzi wangu, ambao wamekulia katika tamasha za drama na si rahisi kuwahadaa, wakaanza kupiga miayo.

Kisha likaja onyesho la mahakama. Mshtakiwa alisimama kizimbani, akasomewa mashtaka kwa kasi ya ajabu, akaanza kujitetea kwa lugha ya mama. Alijieleza kwa muda mrefu. Alionyesha kwa mikono jinsi alivyotumwa dukani, jinsi gari la polisi lilivyosimama kando yake, jinsi alivyoangusha paketi ya unga. Mkalimani wa mahakama alimsikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa, akaigeukia meza ya hakimu na kusema: "Anakubali, Mheshimiwa."

Ukumbi ulilipuka. Wafungwa walioketi sakafuni walipiga makofi hadi vumbi likatimka. Askari jela aliyesimama mlangoni alicheka akalazimika kuvua kofia na kujipangusa macho.

Tuliporejea shuleni niliwapa wanafunzi zoezi la kuuhakiki mchezo ule. Takriban wote waliandika kwamba maudhui makuu yalikuwa ubaya wa uhalifu na umuhimu wa kutubu. Niliwatuza alama nzuri. Msichana mmoja aliandika kurasa tatu kumhusu mkalimani peke yake: ukimya wake kabla ya kusema, maneno mawili aliyoyasema, na swali la nani hasa aliyekuwa akihukumiwa pale. Nilimpa alama saba kwa ishirini na kuandika kwa kalamu nyekundu kwamba ametoka nje ya mada. Muhula uliofuata, siku ya wazazi, mama yake aliniambia kwamba mumewe alikuwa amekaa rumande miezi minane, na kwamba siku ya kwanza kizimbani alijibu "ni ukweli" kwa kuwa alidhani ameulizwa kama hilo ni jina lake.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kosa langu halikuwa la huruma tu. Lilikuwa kosa la uhakiki. Mwanafunzi yule aliusoma mchezo. Mimi nilisoma toba iliyobandikwa juu yake. Makala haya yanadai kwamba tamthilia zinazobuniwa na wafungwa husomwa vibaya hivyo mara nyingi, hata na watu wazoefu kuliko mimi, na kwamba sababu imo katika mazingira yanayouzaa utanzu wenyewe.

Shairi hufichika, mchezo haufichiki

Fasihi ya Afrika Mashariki ina historia ndefu ya maandishi ya gerezani. Abdilatif Abdalla alifungwa kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wake wa "Kenya: Twendapi?", na mashairi aliyoyatunga humo yakachapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Hayati Ngugi wa Thiong'o, aliyezuiliwa Kamiti tangu mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, aliandika riwaya ya Kigikuyu juu ya karatasi za msalani. Ndiyo tuliyokuja kuisoma kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Alamin Mazrui naye alizuiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mashairi ya Chembe cha Moyo yakatokana na kipindi hicho. Waandishi hawa walitunga kwa siri. Shairi laweza kukaririwa gizani bila kutingisha mdomo. Karatasi yaweza kukunjwa ikafichwa.

Mchezo wa kuigiza hauwezi. Unahitaji nafasi ya kutembea, watu zaidi ya mmoja, saa za mazoezi, sauti ya juu na hadhira. Mambo yote haya gerezani yako mikononi mwa mwenye funguo. Kwa hiyo tamthilia ya wafungwa ndiyo fasihi pekee ya gerezani ambayo haina budi kuombewa ruhusa kwa yule yule ambaye huenda ikamkosoa. Askari jela husimama mlangoni wakati wa mazoezi. Mkuu wa gereza huketi safu ya mbele siku ya onyesho. Mwandishi wa tamthilia ya aina hii anajua, kabla ya kuandika neno la kwanza, ni nani atakayelisikia.

Katika hali hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kusema kile mwenye funguo anachotaka kusikia, nacho kwa kawaida ni majuto. Ndiyo njia iliyofuatwa na sehemu kubwa ya mchezo tulioutazama, na simlaumu aliyeifuata, kwani nakumbuka ni nani alikuwa ameketi mbele. Njia ya pili ni kuvaa vazi la kuazima: kisa cha watu wengine, cha nchi nyingine au cha zama za kale, kisha kusema ndani yake. Nadai kwamba tamthilia bora za aina hii zimefuata njia ya pili, na kwamba kazi ya mhakiki ni kuliangalia vazi lile kwa makini.

Mfano maarufu kabisa umetoka Afrika Kusini. Katika miaka ya 1960 kulikuwa na kundi la waigizaji Waafrika katika mtaa wa New Brighton, mjini Port Elizabeth, lililojulikana kama Serpent Players, ambalo lilifanya kazi na Athol Fugard. Baadhi ya wanachama wake walikamatwa na kupelekwa Robben Island. Mmoja wao, Norman Ntshinga, akiwa humo kisiwani aliigiza na mwenzake muhtasari wa Antigone, tamthilia ya Mgiriki Sophocles. Nelson Mandela pia amesimulia katika tawasifu yake kwamba wafungwa wa Robben Island waliigiza Antigone, na kwamba yeye alipewa nafasi ya Creon, mfalme. Hebu tazama uteuzi huo wa kazi. Msichana anamzika kaka yake ilhali amri ya mfalme imekataza, anashtakiwa, anakiri kutenda lakini hakubali kwamba ametenda kosa, anafungiwa pangoni akiwa hai. Askari jela aliyekuwa akitazama angeona visa vya Wagiriki waliovaa mashuka. Wafungwa waliona kesi zao.

Kutokana na habari hizo Fugard, John Kani na Winston Ntshona waliibuni The Island, iliyoigizwa kwanza Cape Town mwaka 1973. Hata kichwa chake kilivaa vazi: katika onyesho la kwanza iliitwa Die Hodoshe Span, ili Robben Island isitajwe. Waigizaji hawa wawili hawakuwa wafungwa, na nataka hilo lieleweke, kwa maana watahiniwa hupenda kuandika kwamba walikuwa. Lakini tamthilia yao ndiyo inayotuonyesha kwa undani zaidi mfungwa anavyofanya mazoezi ya mchezo.

Inaanza bila maneno. Wafungwa wawili, John na Winston, wanachimba mchanga na kuusukuma kwa toroli. Kila mmoja anaumwaga pale mwenzake anapochimba, hivyo kazi haiishi. Baadaye, seloni, wanajiandaa kuigiza Antigone katika tamasha ya gereza. Winston ndiye Antigone. Anapovaa nywele na matiti bandia John anacheka hadi anaishiwa pumzi, naye Winston anakataa kata kata: hatakubali kufanywa mwanamke mbele ya askari wanaomwita mtoto kila siku. Katikati ya ugomvi huo John anapata habari kwamba kifungo chake kimepunguzwa na kimebaki miezi mitatu. Winston amefungwa maisha. Kuanzia hapo kila neno la mazoezi lina uzito mpya. Kwenye onyesho la mwisho, mbele ya Creon ambaye ni John, Winston anazivua zile nywele na kusema kwa sauti yake mwenyewe.

Wengi huliona tendo hilo kama ushindi wa ukweli dhidi ya uigizaji. Mimi naliona tofauti. Winston asingeweza kusema maneno yale bila kwanza kuzivaa zile nywele. Angesimama tu mbele ya askari na kutangaza dhuluma aliyotendewa, angenyamazishwa kabla ya sentensi ya pili. Vazi limempatia nafasi ya kufika mbele ya hadhira, kisha limempatia kitu cha kuvua. Mtahiniwa anayeulizwa kuhusu mbinu ya mchezo ndani ya mchezo asiishie kuitaja na kuipigia mstari. Aeleze jinsi inavyofanya kazi.

Kwa nini mahakama?

Nikizitazama tamthilia za aina hii ninazozifahamu, naona jambo linalojirudia mno kiasi kwamba haliwezi kuwa la bahati nasibu. Mfungwa anapopewa jukwaa hujenga mahakama.

Tukio ambalo historia za tamthilia za magereza hulitaja mara nyingi lilitokea tarehe 19 Novemba 1957, katika gereza la San Quentin huko California, Marekani. Kundi la waigizaji kutoka San Francisco liliwaigizia wafungwa wapatao 1,400 tamthilia ya Samuel Beckett, Waiting for Godot. Sababu mojawapo ya kuichagua ilikuwa nyepesi kabisa: haina mhusika wa kike. Wajuzi wa mijini walikuwa wameiona kuwa ngumu, isiyo na kisa. Watu wa San Quentin hawakuhitaji kufasiriwa habari za kungoja. Mmoja wao, Rick Cluchey, aliyekuwa na kifungo cha maisha, hakuruhusiwa hata kufika ukumbini. Aliusikia mchezo kupitia vipaza sauti akiwa seloni. Yeye na wenzake baadaye waliunda kundi lao la kuigiza humo gerezani, wakafanyia michezo katika chumba kilichokuwa zamani cha kunyongea watu.

Kwanza waliigiza kazi za Beckett. Kisha Cluchey akaandika yake, The Cage, iliyoigizwa humo katikati ya miaka ya 1960. Mfungwa mpya anatiwa seloni pamoja na wafungwa watatu wazoefu. Anashikilia kwamba hana hatia ya kumuua mpenzi wake. Wenzake wanaamua kumfanyia kesi: yupo hakimu, yapo mashtaka, na hukumu inatekelezwa papo hapo. Mhusika anayejitwika uhakimu ni mwendawazimu anayejiona kama Mungu. Adhabu ya Cluchey ilipunguzwa mwaka 1966 akaachiliwa, na baadaye alifanya kazi na Beckett mwenyewe kule Berlin. Lakini mtu huyu aliyefundishwa uigizaji na Godot, tamthilia isiyo na mahakama, alipopata kalamu yake aliandika kesi.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na wakati wetu. Gereza la Roumieh, karibu na Beirut, Lebanoni, lilijengwa kwa wafungwa elfu moja na kitu lakini likajazwa zaidi ya elfu tatu. Mwigizaji na mtaalamu wa tiba kwa drama, Zeina Daccache, alifanya kazi humo kwa miezi kumi na mitano na wafungwa 45. Baadhi yao hawakujua kusoma wala kuandika. Miongoni mwao walikuwamo wauaji, wabakaji na wauzaji wa dawa za kulevya. Mwaka 2009 waliigiza mbele ya hadhira iliyotoka nje, wakiwemo maafisa wa serikali, mchezo uliotokana na Twelve Angry Men ya Mmarekani Reginald Rose, ya mwaka 1954. Wao waliuita Walebanoni Kumi na Wawili Wenye Hasira, na ndani yake wakaingiza nyimbo, ngoma na masimulizi waliyoyabuni wenyewe.

Kisa cha Rose ni cha wazee wa baraza kumi na wawili waliofungiwa chumbani waamue kama kijana amemuua baba yake. Kumi na mmoja wanamwona ana hatia, mmoja anasita. Hapa pana kinaya cha ngazi mbili. Ngazi ya kwanza iko wazi kwa kila mtu: waliohukumiwa wanavaa vazi la wanaohukumu. Ya pili huenda ikampita msomaji. Lebanoni haina utaratibu wa raia kumi na wawili kuamua kesi. Sisi Kenya pia hatuna; tulichokuwa nacho ni wazee wa baraza waliomshauri jaji katika kesi za mauaji, nao utaratibu wao ulifutwa mwaka 2007. Wafungwa wa Roumieh basi hawakuigiza mahakama iliyowafunga. Waliigiza mahakama ambayo hawakuwahi kuipata, yenye watu wa kawaida wanaolazimika kukaa, kutoa jasho na kubishana kabla ya kumpeleka mtu kuuawa.

Kwa nini basi mahakama? Jibu langu ni la kifasihi. Mahakama ndiyo tamthilia ya kwanza ambayo mfungwa alishiriki. Ilikuwa na jukwaa, maleba, wahusika waliogawiwa nafasi, hadhira, hata maelekezo ya lini kusimama na lini kuketi. Naye, ambaye kwa haki alikuwa mhusika mkuu, hakuwa na maneno. Wakili alimsemea, kama wakili alikuwepo. Mkalimani alimfasiri. Karani aliandika alichofasiriwa. Anapopewa jukwaa la pili mfungwa hurudi kwenye lile la kwanza na kuugawa upya usemaji. Ndiyo maana yule mkalimani wa mchezo tulioutazama aliwasha ukumbi mzima. Kwa dakika chache, katikati ya mchezo wa toba ulioandaliwa kumridhisha mkubwa, wafungwa walikuwa wameshika kalamu ya karani.

Walimu waliofundisha Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia ilipokuwa kitabu teule watakumbuka Mwelusi anavyofungwa na kuteswa. Pale gereza limeandikwa kutoka nje, na mwandishi aliyejali sana haki, na mateso ya mwili ndiyo yanayotawala. Sijakutana na tamthilia ya wafungwa inayoweka kipigo katikati yake. Hata The Island, ambamo wahusika wanaingia seloni wakiwa wameumizwa, inalipita hilo upesi ili ifike kwenye mazoezi. Kwa aliye nje, jela ni mwili unaopigwa. Kwa aliye ndani, naona, ni neno alilonyang'anywa.

Shahrazadi wa Baabda

Nadharia yangu ina mahali pa kujikwaa, nao ni wanawake wa gereza la Baabda, pia huko Lebanoni. Daccache huyo huyo alifanya kazi nao kwa miezi kumi, na mwaka 2012 wakaigiza Shahrazadi Yuko Baabda. Filamu ya mradi huo ilitoka mwaka 2013. Hawakujenga mahakama. Walisimulia maisha yao: kupigwa na waume, kuozwa, utoto ulioharibika, watoto walioachwa nje. Vazi lao lilikuwa ni Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela, ambaye sisi wasomaji wa Kiswahili tunamfahamu vyema.

Hapa wako watakaosema kwamba vazi limekuwa jepesi mno, na kwamba tumerudi kwenye ungamo. Nilidhani hivyo pia nilipoitazama filamu mara ya kwanza. Kuna nyakati nilihisi kwamba hadhira inalipwa machozi ili isiulizwe maswali. Lakini tulifikirie vazi lenyewe. Shahrazadi wa asili anaokoa maisha yake kwa kusimulia habari za watu wengine: wavuvi, majini, wafalme. Habari zake mwenyewe hazisimulii kamwe. Wanawake wa Baabda wamelipindua hilo. Shahrazadi wao ameacha majini na wavuvi, anasimulia lililomleta mbele ya mfalme. Na mfalme ni nani? Ni yule aliyeketi kitini akingoja kuburudishwa, yaani hadhira. Kwa mtazamo huu mahakama haijatoweka hata kidogo. Imehamishwa kutoka jukwaani hadi ukumbini, na hukumu haijatolewa usiku huo, kwa kuwa masimulizi hayajesha.

Hata hivyo nakiri kwamba kwa ufundi wa kidrama nauweka mchezo wa Roumieh juu zaidi. Masimulizi yanayofuatana, mmoja akitoka mwingine akiingia, hayana mgogoro baina ya wahusika. Mgogoro wote uko kati ya jukwaa na ukumbi, na akitokea mtazamaji asiyejali, mchezo unaanguka.

Linalonivutia ni kwamba mwaka 2016 wafungwa wa Roumieh walirejea na mchezo wa tatu ambamo walisimulia habari za wenzao waliougua akili. Kanuni ya adhabu ya Lebanoni, ya mwaka 1943, iliruhusu watu hao kushikiliwa hadi "wapone", jambo ambalo kwa wengi halina tarehe. Wafungwa wenye uwezo wa kusema wakavaa vazi la wasioweza kusema. Waliacha habari zao, kama Shahrazadi wa asili.

Watetezi wa miradi hii hupenda kutaja matokeo. Sheria ya Lebanoni ya kupunguza vifungo kwa wenye mwenendo mwema ilipitishwa mwaka 2002 lakini ikaanza kutekelezwa 2009, mwaka ule ule wa mchezo wa kwanza. Sheria dhidi ya ukatili wa nyumbani ilipitishwa mwaka 2014. Mambo haya ni mazuri na huenda michezo ilichangia. Lakini mhakiki asiyaweke mahali pa uhakiki. Tamthilia mbovu inaweza kubadilisha sheria, na nzuri ikakosa kubadilisha hata ratiba ya chakula.

Ni nani mwandishi?

Mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu, aliniuliza swali hili tulipojadili habari hizi katika chumba cha walimu. Alisema: mwelekezi ametoka nje, kitabu ni cha Rose au Sophocles, wafungwa wengine hawajui kusoma, tamthilia ni ya nani hasa? Swali ni halali. Ila Kenya tulikwisha kulijibu. Mwaka 1977, pale Kamiriithu, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walipeleka rasimu ya Ngaahika Ndeenda kwa wakulima na wafanyakazi wa kijiji, nao wanakijiji wakaikosoa lugha, wakaongeza nyimbo, wakasahihisha yale ambayo wasomi hao hawakuyaishi. Mchezo ulipigwa marufuku baada ya majuma machache. Jina la jalada halikutuzuia kuiona kama kazi ya kijiji. Fasihi simulizi tunayoifundisha kila muhula haina mwandishi mmoja, na hakuna anayeiondoa kwenye silabasi kwa sababu hiyo.

Nyongeza ndogo hapa, kwa wanaodhani kwamba mfungwa akiachiwa uhuru ataandika huzuni tu. Katika gereza la Sing Sing, jimbo la New York, kuna mpango wa sanaa ulioanzishwa mwaka 1996. Mwaka 2005 wafungwa wake waliulizwa wanataka mchezo gani. Walitaka kila kitu: Misri ya kale, Hamlet, wapiganaji wa Kirumi. Mwelekezi akaviunga vyote katika kichekesho kimoja cha safari ya kurudi nyakati za kale. Filamu ya Sing Sing, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2023, imejengwa juu ya kisa hicho, na waigizaji wake wengi ni wale wale waliowahi kufungwa humo.

Udhaifu mmoja wa tamthilia hizi lazima utajwe, nao ni mzito. Aliyetendewa uhalifu hana mwigizaji. Katika The Cage msichana aliyeuawa ni jina tu. Katika chumba cha wazee kumi na wawili baba aliyechomwa kisu hana sauti. Mahakama iliyojengwa upya na mfungwa imemrudishia mshtakiwa maneno yake, lakini imekiacha kiti cha mlalamishi kitupu, kama vile mahakama halisi ilivyokiacha chake. Msomaji ambaye ameibiwa au kufiwa ana haki ya kuuliza kilikuwa wapi kilio chake, na tamthilia nilizozijadili hapa hazina jibu zuri. Nangoja kuiona ile ambayo mfungwa atakubali kuvaa vazi hilo.

Kwa walimu wanaoandaa wanafunzi kwa karatasi ya tatu, nakumbusha kwamba magereza yetu yana watahiniwa wa KCSE, wanaovisoma vitabu teule vile vile tunavyovisoma. Mwelusi alipokuwa katika orodha walimsoma wakiwa ndani. Sijui kama yupo mmoja wetu aliyewahi kuuona mwongozo ulioandikwa kwa kumfikiria msomaji huyo, mimi sijauandika.

Nimebadilisha zoezi langu. Siwaulizi tena wanafunzi mchezo unafunza nini. Nawapa onyesho la mahakama lisilo na maneno, lenye wahusika watano: hakimu, karani, mkalimani, mshtakiwa, na mlalamishi. Nawaambia wagawane dakika kumi za usemaji wapendavyo, kisha watetee mgawo wao kwa maandishi. Mara ya kwanza kikundi kimoja kilimpa mkalimani dakika sita. Kingine kilimpa mlalamishi dakika zote kumi, kikakaa kimya kumsikiliza. Yule msichana alikuwa amekwisha kumaliza Kidato cha Nne kufikia hapo. Daftari lake la mazoezi lilibaki kwangu, na ile saba nimeikata.